Hotuba ya Karani
Watu wa Newala walikuwa wakisema Nurdin ana kichwa na Mabel ana mkono. Kila Ijumaa katuni yao ilibandikwa kwenye mlango wa steshenari karibu na stendi. Nurdin alikuwa ameipanga hadithi nzima kwenye daftari, kurasa sitini, kila ukurasa na jambo lake. Mabel alichora, ila mkono wake haukupenda kuamrishwa.

Kwenye ukurasa wa kumi na mbili daftari lilisema tu: wakulima wanapima korosho. Mabel akachomeka karani wa ghala mwenye kigugumizi, anayetaja kilo mpaka wakulima wanasinzia. Alichora huku akicheka peke yake. Nurdin hakuambiwa, naye alikuwa na kigugumizi tangu utotoni.

Jumatatu watoto walimfuata njiani. "Ka-ka-karani!"

"Kwa nini, Mabel?" aliuliza, na swali hilo fupi lilimtoa jasho.

"Si wewe yule. Hadithi yako ilikuwa imelala, nimeiamsha."

Ilikuwa kweli, na hapo ndipo palipouma. Nurdin alijifungia na daftari wiki mbili. Alipotoka, karani alikuwa na safari yake kamili: anachekwa, anagundua wizi wa mizani, anatishwa, na kwenye ukurasa wa sitini anasimama mbele ya mkutano na kusema yote. Mabel aliisoma hotuba ile mara mbili.

"Kwingine chomeka utakacho," Nurdin alimwomba. "Ukurasa huu niachie ulivyo."

"Nakuahidi."

Mwaka mzima mmoja akapanga, mwingine akachomeka, na hadithi haikuwahi kunoga vile. Watu waliacha kumzomea Nurdin, wakaanza kumuuliza karani atasema nini. Wiki ya mwisho Nurdin alimleta mama yake kutoka Masasi.

Alhamisi Mabel alichora mkutano, wakulima, karani mdomo wazi. Ikabaki nafasi nyeupe ya hotuba. Aliitazama, mkono ukaanza kumwasha. Akilini alishawasikia wasomaji wakicheka. Akaandika "Nd-nd-nd-", kisha akawachora wakulima wakiondoka mmoja mmoja mpaka uwanja ukabaki mtupu, karani bado amekwama palepale.

Kesho yake mlangoni watu walishika mbavu kwa kucheka. Nurdin alisimama katikati yao, mama yake kamshika mkono. Mama hakujua kusoma.

"Amesema nini?" aliuliza.

Mtu mmoja akamsomea, kwa sauti, akiigiza vizuri sana.

Nurdin alirudi Masasi na mama yake siku hiyohiyo. Mabel alianza hadithi mpya bila mpango wowote. Kufikia ukurasa wa tisa watu wake wote walikuwa wamesimama njiapanda, hajui awapeleke wapi, na mlangoni hakusimama msomaji. Akapanda basi la Masasi.

Alimkuta Nurdin kwenye kiduka cha mama yake, mtaa wa Mkomaindo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama aliitikia, akaingia ndani.

"Nimekosa, Nurdin. Nipangie hata kurasa kumi."

"Ni-ni-ni..."

"Nipe muda?" Mabel alidakia.

Nurdin alitikisa kichwa, akaanza upya, akakwama tena, mishipa ya shingo imemsimama. Mabel aliutazama mdomo ule ukihangaika, akaona jinsi ambavyo angeuchora, na kabla hajajizuia akatabasamu.

Nurdin aliliona tabasamu. Akalifunga dirisha la duka, taratibu, akalikomea kwa ndani.