Uso wa Kiitikio

Mama mdogo aliingia kwenye ghala la kupigia picha amevaa gauni la zambarau na viatu vya kisigino, kajipamba kama bibi harusi, maana leo ndiyo leo. Wimbo wake wa ujanani ulikuwa umefufuliwa na mwimbaji kijana aliyeitwa Miwani, kwa vile hakuivua hata gizani. Kiitikio mama mdogo alikirekodi upya mwenyewe, kwa sauti ile ile. Sasa ilibaki video tu, na mwongozaji ni mtoto wa dada yake. Nani angemzuia?

Akamkuta binti mrembo kasimama mbele ya kamera, anapakwa poda.

"Na huyu nani?"

Mwongozaji akakuna kichwa. "Huyu ndiye ataonekana kwenye kiitikio, mama mdogo. Atafuatisha midomo tu. Sauti ni yako."

Yale yale. Enzi zao video ilipigwa studio ya televisheni, mbele ya pazia lililochorwa mlima. Bendi ilijipanga mstari mmoja, hatua mbili kushoto, mbili kulia, magitaa hayajachomekwa popote, mpiga ngoma kaambiwa azipapase tu zisije zikaifunika kanda ya wimbo. Kiitikio chake akapewa binti mwenye shingo ndefu, asiyejua kuimba hata bafuni. Mama yake mzazi aliitazama kwa jirani, akarudi akamuuliza, "Mwanangu, mbona sauti yako imevaa uso wa mtu mwingine?" Alikufa hajapata jibu. Mama mdogo hakuwahi kuisamehe televisheni, na leo hakuwa na nia ya kuanza.

Hata hivyo alivuta kiti akakaa. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mtu wa kungoja mwenzake ateleze.

Mwongozaji alitaka picha iende polepole, nywele zipepee kwa feni, kama mtindo ulivyo. Ili midomo ioane na sauti, wakati wa kupiga picha wimbo huchezwa kwa kasi maradufu, mwimbaji akafukuzana nao. Picha ikipunguzwa kasi, kila kitu kinakaa mahali pake. Wote walilijua hilo, na kila mmoja alidhani mwenzake kamwambia yule binti. Naye alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima mbele ya kioo, kwa kasi ya kawaida. Spika zilipofunguliwa, wimbo ukatoka mbio kama kuku aliyefukuzwa jikoni, binti akabaki mdomo wazi. Wakarudia. Wakarudia tena. Machozi yakaanza kuharibu poda.

"Si neno," Miwani alisema. "Midomo ikikosea tunakata, tunaweka picha ya gari."

"Kumbe ndiyo maana video zenu zimejaa magari," mama mdogo alisema.

Hata yule binti alicheka. Mama mdogo akainuka, akampa leso. "Pumzika, mwanangu. Kosa si lako, hukuambiwa." Kisha akamgeukia mwongozaji. "Na wewe washa kamera yako. Kiitikio chote, na usikate."

"Mama mdogo, watu wamezoea..."

"Watu huzoea wanachoonyeshwa."

Wimbo ukatimka, naye akatimka nao. Maneno yalikuwa yake. Alivuta pumzi pale pale alipoivuta tangu usichana. Ulipokwisha, mwongozaji akamwita kwenye skrini na kuipunguza kasi picha.

Ndipo mama mdogo alipogundua kwamba maisha yake yote hajawahi kujiona akiimba. Aliiona mishipa ya shingo ikijaa, kidevu kikipanda, na macho, yale macho aliyoyatia wanja asubuhi nzima, yamefumba toka neno la kwanza hadi la mwisho.

"Turudie, uyafumbue?" mwongozaji aliuliza taratibu.

"Aa, acha hivyo hivyo. Mimi nikiimba nafumba." Furaha ilimjaa, wala hakuificha. "Mama yangu angenijua hapo hapo. Hebu rudisha mwanzo, niangalie tena."