Ndege ya Pili Bondeni

Asubuhi ya mtihani wake, Mama Pacha alikuwa amevaa shati jeupe la kazini, suruali ya bluu iliyopigwa pasi ikanyooka, na kiatu kimoja.

"Mama, umeona kiatu changu?"

"Mimi nina macho mawili na wajukuu wawili," mama yake akajibu kutoka jikoni. "Macho ya kuangalia viatu sijapewa."

Pacha walikuwa wa miezi kumi. Wa kwanza aliitwa Kelele, kwa sababu ambazo majirani wote walizijua. Wa pili aliitwa Kimya. Huyu hakulia ovyo wala hakugonga vitu, na ndiye aliyekuwa hatari kuliko mwenzake. Wakati huo Kelele alikuwa ameng'ang'ania mguu wa mama yake akidai kubebwa. Mama Pacha alimnyanyua, akambusu shavu lililolowa mate, akaendelea kusaka huku na huko. Kimya alikuja kukutwa nyuma ya pipa la maji, amejikalia kama mwenye nyumba, anakitafuna kiatu upande wa kisigino.

"Shida yako, mwanangu," bibi yao alisema huku akikifuta kile kiatu kwa kitambaa, "ukimwona mmoja moyo unatulia, unadhani umewaona wote. Mimi nililea mmoja tu, wewe, na bado ulinipotea sokoni. Ukimwona huyu, uliza: mwenzake yuko wapi?"

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa. Vaa kiatu uende ukafaulu."

Mama Pacha alikuwa rubani wa kampuni ndogo iliyobeba abiria na vifurushi kwa ndege za viti vichache. Tangu ajifungue hakuwa amerudi angani. Kazini alirudi, ila walimweka dirishani akate tiketi, na kila ndege ilipounguruma nje, mkono wake ulisimama kidogo juu ya karatasi. Ili arudishiwe usukani ilibidi aruke safari moja huku kapteni mkaguzi ameketi pembeni yake. Akifaulu, kesho yake anabeba watu. Akishindwa, ni kurudi dirishani hadi mkaguzi apate nafasi nyingine, na kwa jinsi alivyobanwa na shughuli, pacha wangekuwa wameshaanza kukimbia.

Huyo kapteni, akiwa hayupo, aliitwa Rula. Alikuwa mrefu, amenyooka, na kupinda hakujui. Kanuni yake kila rubani aliifahamu: ndege ikishapaa, anaweka mikono yake juu ya magoti. Mikono ikibaki magotini hadi mnatua, umefaulu. Ikigusa usukani, umeanguka, na hakuna cha "kapteni, nakuomba."

"Leo utatupeleka ng'ambo ya milima, tuteremshe vifurushi, uturudishe," Rula alisema ofisini, amesimama mbele ya ramani iliyobandikwa ukutani juu ya meza ya chai. "Utapita wapi?"

Mama Pacha aliitazama ramani ingawa angeweza kuichora akiwa amefumba macho. Kati ya mji wao na milima kulikuwa na uwanja wa ndege za kivita. Kutoka hapo mstari mwekundu uliingia bondeni ukafuata mto. Hiyo ilikuwa njia ya mafunzo. Ndege za jeshi hupita humo chinichini kwa kasi ambayo ukianza kusema "ile pale," imeshakuwa "ilikuwa pale."

"Kwanza niwaulize wenyewe kama wapo," alisema, akanyanyua simu ya mezani.

Upande wa pili akapokea mwanajeshi mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Vijana wanaruka mpaka saa sita mchana. Vipi, mnakuja kututembelea?"

"Hapana, afande. Tunajaribu kuwakwepa."

"Mnafanya la maana. Na sisi tunawakwepa nyinyi, tatizo hatuwaoni. Kale kandege kenu tukikatazama kutoka juu ni punje ya mchele kwenye zulia. Washeni taa zote, tafadhali."

"Tutawasha, afande."

"Basi tutazunguka kusini," Mama Pacha alimwambia Rula, akipitisha kidole mbali na mstari mwekundu. Rula akaguna. Kwake huko ndiko kusifia.

Safari ya kwenda ilikuwa laini. Walizunguka mbali na bonde, wakatua ng'ambo ya milima, wakateremsha vifurushi, wakapaa tena. Njia nzima mikono ya Rula ilikuwa magotini, na alifungua mdomo mara moja tu, kuuliza bei ya nepi siku hizi.

"Ukiwa na pacha, kapteni, unaacha kuuliza bei. Unanunua tu huku umefumba macho."

Kurudi ndiko kulikoleta maneno, na saa sita ilikuwa bado. Kusini, walikopita asubuhi, mvua ilikuwa imeshuka kama pazia. Mawingu yaliwakalia kichwani, yakamlazimisha ashuke chini kuliko alivyopenda. Njia pekee iliyobaki wazi ilikuwa kukatiza bonde penye kona ya mto. Na juu ya yote, saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita. Kifua kilikuwa kimejaa, kinamuuma, na kila mkanda wa kiti ulipomgusa aliuma meno.

Aliita mnara wa jeshi kwa redio. Akasema yeye ni nani, yuko wapi, yuko juu kiasi gani, na anataka kuvuka wapi.

"Nakupata, dada," sauti ikajibu masikioni. "Subiri mashariki ya mto. Kwenye rada nina ndege inapanda bonde kutoka kusini, itapita mbele yako. Ukishaiona imepita, vuka."

Mama Pacha akazunguka mashariki ya mto polepole, taa zote zinawaka. Shingo yake haikutulia: kushoto, kulia, chini, kushoto tena. Ghafla ikatokea. Ilikuwa ya kijivu, imeinama ubavu mmoja, ikaikata kona ya mto kama wembe na kupotelea kaskazini. Mngurumo wake ulifika baadaye, wakati yenyewe imeshakwenda.

"Lo!" alisema. Hata baada ya miaka yote ile bado zilimpendeza. Macho yake yaliifuata hadi ikawa nukta.

"Mnara, nimeiona. Imepita."

"Vuka, dada."

Akalaza bawa la kushoto na kuelekeza pua kwenye mto. Ng'ambo ya mto kulikuwa na barabara kuu, baada ya barabara uwanja wao, baada ya uwanja nyumbani. Tayari aliuona mdomo wa Kelele umefunguka kama wa kifaranga. Kelele angeanza, huyo hangojei mtu. Na Kimya, Kimya je, mwenzake yuko...

Mwenzake yuko wapi?

Alilisikia kwa sauti ya mama yake kabisa, na kitambaa cha kufutia viatu ndani yake. Wanajeshi hawaruki peke yao. Wakiwa wawili, mara nyingi kiongozi ndiye anayewasha kile kisanduku kinachojibu rada, na mwenzake anafuata nyuma bila kuonekana kwa mtu wa mnara. Mambo hayo alikuwa anayajua tangu chuoni. Yalimtoka tu, kama jina la jirani linavyokutoka ukiwa na haraka.

Aliacha kutazama nyumbani. Akageuza uso kusini, kule ndege ilikotokea.

Hapakuwa na kitu. Bonde, ukungu kidogo, na doa jeusi kwenye kioo, kama nzi aliyekufa. Asubuhi alikisafisha kile kioo kwa mkono wake mwenyewe. Doa lile halikusogea kushoto wala kulia, na hilo ndilo lililomshtua, kwa maana ndege inayosogea kwenye kioo inakupita, na ile iliyotulia inakujia. Doa likanenepa. Likaota mabawa.

Mama Pacha alizungusha usukani kulia kwa nguvu, bawa likalala upande wa pili, mto ukahama kutoka kioo cha mbele hadi dirisha la nyuma. Ndipo alipoiona mikono ya Rula. Ilikuwa imeshaacha magoti, imetanda hewani mbele ya usukani, vidole vimefunguka.

Ndege ya pili ikapita pale ambapo wao wangekuwa. Mngurumo ukaitikisa ndege yao hadi kalamu ikaanguka sakafuni.

Mikono ya Rula ikarudi magotini polepole, mmoja baada ya mwingine.

"Mnara," Mama Pacha alisema, na akashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa ya kawaida, "walikuwa wawili. Nimerudi mashariki ya mto."

Mtu wa mnara aliulizia kwanza, ndipo akarudi redioni. "Samahani sana, dada. Ni kweli, walikuwa wawili. Sasa bonde ni tupu, unaweza kuvuka."

"Wa tatu hayupo?"

"Hayupo. Nimemuuliza kiongozi wao mwenyewe."

Hata hivyo aliangalia kusini, akaangalia kaskazini, akaangalia kusini tena, ndipo akavuka.

Walipotua na injini kuzimwa, Rula hakufungua mlango. Aliinama, akaokota kalamu yake, akaiweka mfukoni.

"Ulikata kona kabla ya kuangalia," alisema.

"Ndiyo, kapteni."

"Na mimi nilikuwa bado sijaiona. Nilijua tu lazima iwepo. Ungechelewa kidogo ningeshika usukani."

"Nimeona mikono."

"Kwa nini ulirudi?"

Angeweza kusema jambo la vitabuni. Lakini kifua kilimuuma na hakuwa na nguvu za kutunga. "Nimesikia sauti ya mama yangu."

Rula akamgeukia mwili mzima. "Mama yako ni rubani?"

"Hapana, kapteni. Analea pacha."

Mabega ya Rula yakatikisika. Ilimchukua Mama Pacha muda kutambua kuwa anacheka. "Kesho asubuhi," alisema akifungua mlango, "una abiria watano. Na bondeni, hata ukipewa ruhusa na mkuu wa jeshi..."

"Nitauliza mwenzake yuko wapi."

"Utauliza."

Alisimama kando ya bawa, akapiga simu nyumbani.

"Nimefaulu, mama."

"Nilijua! Nilimwambia hata jirani! Njoo haraka, Kelele huyu hapa amenitoboa masikio."

"Na Kimya?"

Upande wa pili kilisikika kilio cha Kelele tu.

"Mama? Kimya yuko wapi?"

"Subiri kwanza," mama yake akasema, na simu ikasikika ikiwekwa mezani. Ndala zikaenda jikoni, zikarudi, zikaelekea chumbani. Mama Pacha alisubiri, simu sikioni, huku anatabasamu peke yake kwenye lami.

"Yumo kwenye kapu la nguo," sauti ikarudi, inahema. "Na kiatu chako kingine, kile cha Jumapili."