Mabibo na Malai

Rukaiya hakuweza kutulia. Tangu mwanawe Anwari aruhusiwe kutoka hospitali ya Mkomaindo, homa ilikuwa imekwisha, lakini chakula hakigusi. Uji aliusukuma, samaki akampa kisogo. Daktari alishasema: asipokula hadi kesho, arudishwe atundikiwe dripu. Mtoto alitaka kitu kimoja tu, kile alichokiona kwenye runinga ya wodini: stroberi zimelala kwenye krimu.

Stroberi, Masasi? Lakini uani mabibo mekundu yalikuwa yamezagaa chini ya mkorosho. Rukaiya akaengua malai ya maziwa, akachukua nusu, akaipiga kwa uma na sukari mpaka ikaumuka. Akakatakata mabibo mabichi, akachanganya. Kufumba na kufumbua, malai yakakatika, yakawa vibonge ndani ya maji.

"Unampikia mjukuu wangu pombe ya uraka?"

Mama mkwe wake, Bi Esha, alikuwa mlangoni, kikapu alichotoka nacho Newala bado kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bibo na maziwa, Mama Anwari? Tangu lini? Hivyo tumboni havipatani."

"Ndicho kinachokaribia alichoomba, mama."

Rukaiya akaingia chumbani kumtazama mwanawe, akatoka, akaingia tena. Mbavu zilihesabika. Akarudi jikoni, akasimama na kisu mkononi. Muhogo mchungu tunauloweka, unanyooka. Bibo ni nani hata lishindikane? Akachemsha vipande vingine kwa maji ya chumvi kuondoa ukakasi, akamwaga yale maji, akavirudisha motoni na sukari mpaka vikang'aa. Akavipoza. Malai yaliyobaki yalitosha kibakuli kimoja. Akachanganya huku amezuia pumzi. Safari hii hayakukatika.

Alipokipeleka kitandani, Bi Esha akakiwahi.

"Kama ni sumu, ianze na mimi. Nimeshaishi vya kutosha."

Akala kijiko kimoja, akasikilizia tumbo. Rukaiya akabaki anasokota ncha ya khanga. Bi Esha akala cha pili.

"Bado sina hakika," akasema, akachota cha tatu.

Shuka likachezacheza. Anwari akajiinua kwa kiwiko.

"Bibi, hicho changu."

"Ngoja kwanza tuone kama nitakufa."

"Utamaliza."

Akanyoosha mkono mwembamba, akakivuta kibakuli kifuani. Rukaiya akaketi kizingitini, mara ya kwanza tangu asubuhi, akasikiliza kijiko kikikwangua.