Saruji ya Kifuani

Kila asubuhi unapitisha kidole dirishani, unakitazama kilivyo cheusi, unakifuta kwenye suruali, unarudi kwenye chai yako. Umefanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo usije ukasema hukuambiwa.

Mpakiaji alianza kukohoa saruji siku ya Jumanne, akiwa kwenye kigoda mlangoni, anafunga kamba za viatu. Kikohozi chenyewe alikuwa nacho tangu zamani. Siku hiyo kilitoka na unga wa kijivu, laini. Mkewe, fundi cherehani, aliusugua kati ya vidole kama anavyopima kitambaa.

"Hii safi," alisema. "Ya dukani siku hizi wanachanganya majivu."

Akaleta beseni.

Maisha yake yote mpakiaji alikuwa amekaa kwenye mdomo wa mashine ya kujaza mifuko ya saruji kiwandani, puani leso. Kila jioni wafanyakazi walipanga foleni getini. Walinzi waligeuza mifuko ya suruali nje, wakagonga soli za viatu, wakapitisha kitana kwenye nywele, maana kiwanda hakikubali hata chembe itoke bure. Bomba la moshi, lililokuwa juu ya vichwa vyao, halikupekuliwa.

Daktari aligonga kifua cha mpakiaji kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Sigara," alisema.

"Sijavuta hata siku moja."

"Basi acha."

Akamwandikia dawa, akamwonya asinywe maji mengi, kwani saruji iliyobaki ndani ilikuwa imeanza kushika.

Pale kiwandani nafasi ya mgonjwa hupewa mwanawe. Mpakiaji alikuwa na binti mmoja, na alitaka jambo moja tu: binti huyo asiketi kwenye ile mashine. Mkewe alikuwa na cherehani ya pili iliyolala chini ya kitanda kwa kukosa mahali pa kuiweka. Wakakubaliana kujenga kibanda mbele ya nyumba, mama na binti washone pamoja. Kokoto walikuwa nazo. Mchanga walikuwa nao. Mpakiaji akajitahidi kukohoa.

Alikohoa kabla ya chakula na baada ya chakula. Jirani akija kuazima bakuli moja la saruji ya kuzibia sakafu, alijibiwa angoje, kazi bado. Ukuta ulifika kiunoni, kisha kifuani. Binti akanunua mkasi.

Wakati huo redio ilitangaza kwamba uchumi wa nchi umekua. Dawa za kikohozi zilihesabiwa humo, na majeneza pia, na saruji ya mpakiaji ilihesabiwa mara mbili, ilipotengenezwa na ilipokoholewa. Fundi baiskeli aliyelala kitandani siku ya kazi, mwalimu aliyefundisha kwa ishara kwa kukosa pumzi, shamba la bondeni ambalo majani yake hayakuona jua, hayo yote hayakuhesabiwa popote. Mtangazaji mwenyewe alisita kidogo ili akohoe.

Jumamosi akaja mlinzi wa geti, kaka wa fundi cherehani, akisukuma toroli.

"Karibu, shemeji," mpakiaji alisema. "Sasa unanipekua mpaka nyumbani?"

"Wamesema ni mali ya kiwanda. Umetoka nayo bila kibali."

"Si wewe uliyekuwa unanipekua?"

"Ndiyo maana na mimi nimepewa onyo."

"Hata ukuta, kaka?" fundi aliuliza.

"Hata ukuta, dada yangu. Mna nyundo? Yangu nimeisahau."

Alikunywa chai kwanza. Dada yake akamletea nyundo, akaiweka mezani, upande wa mpini ukimwelekea.

"Damu nzito kuliko maji," alimwambia. "Mshahara je?"

Mlinzi akasema chai ilikuwa nzuri, akachukua nyundo, akatoka kwenda ukutani.

Mpakiaji alifariki Alhamisi, king'ora cha mchana kikilia. Jeneza lilibebwa na wanaume kumi na wawili, na bado walipumzika kila kona. Njia ya makaburini inapita getini, na getini walisimamishwa, kama kawaida. Sanda haina mifuko, kwa hiyo walinzi walikwenda moja kwa moja kifuani. Wakatoa matofali mawili yenye umbo la mapafu, wakayaweka kwenye toroli, wakamshukuru mjane kwa uvumilivu. Kutoka hapo jeneza lilibebwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa anakohoa.

Jumatatu binti aliketi kwenye mdomo wa mashine, puani leso ya baba yake. Jioni mjomba alimgeuzia mifuko, akagonga soli, akapitisha kitana.

"Huna kitu," alimwambia. "Pita, mwanangu."

Kidole chako bado ni cheusi. Safari hii usikifute. Kesho, kabla ya king'ora cha asubuhi, njoo nacho pale getini, uje na jirani yako, msimame mbele ya malori. Mlinzi akiwauliza mmefuata nini, mwonyesheni bomba. Mwambieni aanze kupekua kule juu.