Themostati Iliyokataa Kunifungulia Mlango

Usiku wa kuamkia leo niliota pikapu yangu inanihukumu, na niseme mapema msijisumbue kutafuta: mjinga katika habari hii ni mimi.

Mwaka jana injini ilichemka mlimani, nyuma nimepakia miche mia nne ya parachichi ya mke wangu, Vumilia. Aliibebesha mwenyewe, yaani kuunga kikonyo cha mti bora juu ya kila mche, mmoja mmoja, kwa wembe na nailoni. Ikakauka juani tukihangaika na maji. Kwa hasira nikaipeleka pikapu kwa Fundi Mwinuka, naye akatoa themostati, kile kichuma cha duara kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto.

"Hiki ni cha watu wa nchi za baridi, bosi," akasema.

Alikuwa amevaa makoti mawili. Tuko Njombe, mtu akisalimia asubuhi moshi unamtoka mdomoni. Nami nikaitikia: "Kweli fundi, toa."

Tangu hapo pikapu inakohoa kila asubuhi, inabugia petroli, na ikiona mlima inazimika. Leo ilitakiwa kupanda tena mlima kwenda shamba la kikundi cha Vumilia, na miche mingine mia nne. Jana jioni Vumilia alinisihi tena nirudishe kile kichuma. Nikamwambia fundi ni fundi, nikalala.

Basi ndotoni narudi nyumbani, nimelowa. Themostati imekaa mlangoni, kubwa kama sinia, imevaa miwani.

"Fungua," nasema.

"Nafunguka digrii themanini na mbili. Wewe uko kumi na moja."

"Hii nyumba ni yangu!"

"Na mimi nilikuwa na yangu. Ukanitia kwenye kopo la misumari."

Napiga teke. Mguu unazama ukutani, kumbe ukuta ni boneti, na mimi nimo ndani ya injini, maji ya baridi magotini. Mkanda wa feni umelala chali, unapiga miayo.

"Mwaka jana ni mimi niliyelegea," unasema. "Feni ikawa haizunguki vizuri. Ndiyo maana mlichemka."

"Mbona hukusema?"

"Nililia kuanzia Jumatatu. Ukaongeza sauti ya redio."

Ni kweli. Nakasirika zaidi, kwa sababu ni kweli.

Sijapiga hata hatua, niko mahakamani. Pikapu imekaa kwenye kiti cha hakimu, imefunga tai. Miche mia nne imejipanga kwenye mabenchi, imejifunga vilemba, inanitazama kama wakwe.

"Shtaka," inasema pikapu, "ni kumtoa mwenzio kiungo kwa kuwa wewe hujui kazi yake."

Napiga meza. "Aliyetoa ni fundi!"

"Fundi, simama."

Mwinuka anasimama. Safari hii ana makoti matatu. "Mheshimiwa, mimi namsikiliza mteja. Akisema toa, natoa."

"Mwongo mkubwa we! Si wewe uliyeniambia..."

"Na wewe ukasema 'kweli fundi, toa'," miche yote inaitikia kwa pamoja. Inaonekana ilifanya mazoezi.

Hukumu haichukui muda. Mwinuka ananilaza juu ya kreti za bia, anachukua spana namba kumi na mbili, ananifungua kifua. Bolti mbili tu. Anachomoa kitu kidogo cha duara, anakitazama kwenye mwanga.

"Hiki ni cha watu wa nchi za baridi, bosi."

Anakitupa kwenye kopo la misumari.

Baridi inaniingia mpaka kwenye meno. Nataka kumtukana, nakohoa. Pikapu inanizungushia ufunguo sikioni mara tatu. Nakoroma kidogo, nazimika.

"Shukeni," inaiambia miche. "Huyu hafiki."

Miche inapita mmoja mmoja kwenda juani. Ule mdogo kuliko yote unanigusa paji la uso, unatikisa kichwa. "Bado kumi na moja."

Nikaamka nikipiga kelele. Kulikuwa kumekucha, na Vumilia hayupo kitandani. Kiganja cha kulia kiliniuma. Nikakisogeza dirishani: alama ya duara, na katikati tarakimu mbili zimejichora kwenye ngozi, 82. Nikakimbilia bandani. Kopo lipo, misumari ipo. Themostati haipo.

Vumilia alikuwa uani, miche ameshapakia yote, boneti iko wazi. Ameshakata gasketi ya kuzuia maji yasivuje, kwenye boksi la sabuni.

"Unatafuta hii?" Akanionyesha themostati. "Umelala umeifumbata. Nimeikuta ina moto kama kiazi cha jivuni."

Nikabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Ukabonyea kama kamba ya kuanikia nguo.

"Mkanda!" nikafoka. "Mwaka mzima ni mkanda! Huyu Mwinuka leo namvua makoti yote, moja moja, hapo hapo sokoni! Ameniulia miche, ameniulia injini, halafu nikipita ananiita bosi! Namfuata sasa hivi!"

"Mume wangu," akasema Vumilia, "mimi nimekwambia mwaka mzima uirudishe, hukunisikia. Chuma kimekwambia usiku mmoja, umetoka mbio pekupeku. Shika spana."