Mama wa Baba Yangu

"Ana umri gani?" Bernadeta aliniuliza, na ziwa nje ya dirisha lake likawa kama limeacha kupumua.

Bernadeta alikuwa mshauri nasaha, pale Pasiansi, Mwanza. Nilimwendea kwa sababu nilikuwa nimepata kazi ya ualimu Songea, na kila nilipotaka kuikubali, mtu fulani ndani yangu aliketi mlangoni akakataa kunipisha. Jumatatu nilitakiwa kujibu. Nisipojibu, angechukuliwa mwingine.

Nilifumba macho nimtazame huyo wa mlangoni. "Ni bibi kizee," nikasema. "Amejitanda kitenge. Anasema nikiondoka, mtoto wake atalala njaa."

"Mtoto wake ni nani?"

"Baba."

Bernadeta hakucheka. Ikabidi nimweleze. Nilipewa jina la Minza, mama yake baba, aliyefariki kabla sijazaliwa, na kwetu Sengerema aliyerithi jina huheshimiwa kama mwenye jina aliyerudi. Tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, baba aliniita mama. Akitaka kwenda mnadani, aliniomba ruhusa. Majirani wakimtania, aliwajibu, "Mama yangu amenikuta na ndevu tayari. Wa kwenu wamechelewa wapi?" Tulicheka sote. Ulikuwa mchezo mtamu.

Kisha mama aliyenizaa akafa. Jioni ya mazishi baba alilaza kichwa mapajani mwangu, mapaja ya mtoto wa darasa la pili, akasema, "Mama, usiniache." Mchezo uliishia hapo, na hakuna aliyetuambia.

"Nyuma ya bibi kuna mtu?" Bernadeta akauliza kwa sauti ya chini.

Alikuwepo. Msichana mdogo, miguu imejaa vumbi la makaburini. Yeye hakutaka kwenda Songea wala kubaki. Alitaka kulia, na hakuwahi kupata nafasi. Bernadeta akaniambia nisimfukuze bibi. Nimshukuru kwa kumlea baba miaka yote hiyo, nimwombe apumzike, halafu nikae kidogo na mtoto. Nikakaa naye. Machozi yalikuja polepole, kama maji yanavyopanda mchangani bila kishindo.

Jumamosi nilivuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda kwa baba, Sengerema. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na miamba ya Mwanza ilielea nyuma yetu kama mifugo iliyosinzia. Nilihisi tumekaa watatu kwenye benchi moja, bibi, mtoto na mimi, na hakuna aliyemsukuma mwenzake.

Baba alikuwa amekaanga sato. "Karibu, mama," alisema.

"Baba, leo nimekuja kama mwanao. Nataka kwenda kufundisha Songea. Na ninaogopa."

Alinitazama kama anayemtafuta mtu usoni mwangu. Nikadhani atalia. Badala yake akauliza kama ni kweli huko kuna baridi kali. Nikasema nasikia hivyo. Akasema basi nitafute sweta nzito.

Kisha akaivuta sahani yangu kwake, akaanza kunitolea miiba ya samaki, taratibu, akiisogeza minofu upande wangu.