Sifuri ya Mzee Ngoitiko

Chama chetu cha Wahakiki wa Filamu Karatu na Ngorongoro kina wanachama saba, muhuri mmoja, na maringo ya kutosha mkoa mzima. Kila mwaka tunatoa tuzo. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo lawama zote huishia kwangu.

Mwaka huu tuzo iliyoninyima usingizi ni ya mwigizaji bora. Marsela wa Kansay alikuwa amecheza mjane anayefiwa na ng'ombe wake wa mwisho. Baba yake, Mzee Yohani, alikuwa ametamka mbele ya ukoo kwamba binti akishinda ataenda chuo cha sanaa Arusha. Akishindwa arudi kwenye vitunguu saumu, na huko kujiliza mbele ya kamera kuishe. Mshindani wake alikuwa Vedasto, aliyecheza mwizi wa mashamba, akapiga kelele na kukunja nyusi filamu nzima. Mimi nilishajua nani mshindi.

Nikajumlisha alama. Vedasto akampita Marsela kwa mbili. Nikarudia mara tatu, hali ni ile ile. Majaji sita walimpa Marsela nane na tisa. Wa saba, Mzee Ngoitiko, mfugaji wa Sale tuliyemwingiza ili tusiitwe chama cha watu wa mjini, alimpa sifuri. Kwa Vedasto aliweka kumi.

Hasira zilinipanda. Kanuni zetu zinakataza kubadili alama, ila hazikatazi kumuumbua jaji. Basi siku ya tuzo, saa nane mchana, ukumbi umejaa, nilimtangaza Vedasto, kisha nikamwita Ngoitiko aeleze sifuri yake. Marsela aliinamia sakafu. Mzee Yohani alikuwa ameshainuka aondoke.

Ngoitiko alisimama bila wasiwasi wowote. Alisema karatasi ilimuuliza nani ameigiza, naye akajibu alichoulizwa. Vedasto aliigiza mwanzo hadi mwisho, hata mtoto mdogo angeona.

"Na Marsela je, mzee?" nikamuuliza.

"Yule mama hakuigiza, katibu. Yule amefiwa na ng'ombe. Mimi niliona aibu kumpa alama mtu aliye msibani."

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikasogea. Vedasto naye alicheka, kombe kifuani, kisha akaelewa akaacha. Mimi nilitamani kuumeza ule muhuri.

Mzee Yohani hakucheka. Alimwendea Ngoitiko, akamweleza kwa upole kwamba ng'ombe yule ni wa kwake, alilazwa chini tu wapige picha, na asubuhi ya leo amekamuliwa.

Ngoitiko alimtazama Marsela kwa muda, kama mtu aliyetapeliwa asijue amshtaki nani.

"Lakini mimi nililia," akasema.

Yohani akamgeukia binti yake.

"Marsela, hicho chuo kinafunguliwa lini?"